Kiti cha Mama Kando ya Mfereji

Wale waendesha baiskeli wa kofia ngumu na nguo za kubana, ukiwauliza, watakuambia kuendesha kando ya maji ni raha ya dunia. Haya, sawa. Waje Bertrams, mtaa nilioishi kule kusini mwa Afrika. Waje na sponji la kochi la watu watatu limefungwa kwenye keria, waufuate ule mfereji wa zege unaotokea nyuma ya uwanja wa mpira na kushuka bondeni, halafu wanieleze hiyo raha iko upande gani.

Mimi nilikuwa fundi wa makochi. Tangu 2015 mpaka nilipohama 2019 nilipanga chumba kwenye nyumba ya zamani ya bati jekundu, na wateja wangu wengi walikuwa chini huko bondeni, nusu saa kwa baiskeli kama Mungu kakuonea huruma. Gari sina. Teksi, yaani vile vibasi vya abiria wanavyoviita teksi kule, hazipakii sponji, na dereva ukimwomba anakutazama kama umemwomba apakie ng'ombe. Barabara kuu nayo ni ya hao hao wenye teksi. Wakikuona na baiskeli wanakupigia honi kwanza, kisha wanakusogelea, kisha wanakutukana kwa kuwa wamekusogelea. Ndiyo nikahamia mfereji.

Nisiuite njia, maana njia ni kitu cha watu kupita. Ule ni ukanda wa majani baina ya kuta za nyuma za nyumba za watu na ukingo wa zege, na kila hatua kuna jambo. Hapa bomba limekatiza, shuka, nyanyua baiskeli, panda. Pale mbwa. Mbele mtu katupa kabati, jamani, kabati zima na milango yake. Chupa zilizovunjika sizitaji. Wenyeji wanauita mto, na mimi niliyezaliwa Tanga najua mto. Ule ulikuwa maji ya choo yaliyopewa hadhi. Na upepo ukilikamata sponji mgongoni mwako, baiskeli haikusikilizi tena, inakwenda itakako. Mara mbili imeniangusha mbele za watu, na mara zote mbili kuna mtu alicheka.

Sasa nieleze habari ya mama, maana safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa yake, na katika walionitia wazimu yeye ndiye wa kwanza.

Mama alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake, na walikaa mitaa miwili mbali, kule kule Tanga. Walikuwa hawasemeshani. Kisa? Mama mdogo alipomwozesha binti yake, habari za posa zilimfikia mama baada ya kuwafikia majirani. Basi. Mama ndiye mkubwa, alistahili kuambiwa kwanza, hakuambiwa kwanza, akanuna. "Aje mwenyewe aniombe radhi," akasema. Mama mdogo naye akajibu kwamba haendi kuomba radhi kwa jambo la mtoto aliyemzaa yeye. Miezi ikapita. Kisha mama akapigwa na kiharusi, miguu ikakataa. Kisha mama mdogo moyo ukaanza kumsumbua, akawa hatembei hatua kumi bila kukaa chini kutafuta pumzi.

Dada yangu aliyekuwa akikaa na mama akanipigia simu. "Mdogo wangu, mama mdogo hali si nzuri. Anazidi kupungua. Hawa wakikaa hivi hivi, mmoja ataondoka hawajaonana."

"Si umpeleke mama kwake!"

"Nimpeleke na nini? Anasema angekwenda, ila miguu. Na yule wa kule anasema angekuja, ila pumzi."

"Mbebeni!"

Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma, kali vile vile kama zamani. "Mwambie mimi si gunia la mkaa."

Unaona watu wenyewe? Kila mmoja kajificha nyuma ya ugonjwa wake. Nikasema vizuri, kama kisingizio ni miguu, mimi nitakiondoa hicho kisingizio. Nitampelekea kiti cha magurudumu, tuone atasema nini.

Kiti nilikipata kwa bibi mmoja wa Kireno, mjane, niliyekuwa nimemtengenezea makochi yake. Kilikuwa cha marehemu mumewe, kimekaa gereji kinakula vumbi. Nilipomweleza habari za mama alikwenda akakitoa mwenyewe na kukifuta kwa aproni yake. Kiti chenyewe kizima, kinakunjika, magurudumu laini. Nilichokifanya mimi ni kikalio na mgongo. Niliweka sponji nzito ninayoiweka kwa ajili ya wateja wakubwa, nikavika ngozi ya kahawia, nikashona kwa mkono mshono wa kuviringisha ambao kwa kweli hakuna mteja aliyewahi kuuona kwangu. Nilitaka mama akikaa ajue kuwa mwanawe ana kazi.

Palikuwa na Mtanzania mwenzetu, dereva wa lori la mizigo la kwenda Dar, ambaye akija huegesha kwenye uwanja wa wazi kule Bruma, mwisho wa bonde. Alikuwa anaondoka Jumamosi baada ya adhuhuri. Safari yake nyingine ilikuwa mwakani, labda. Kwa hali ya mama mdogo, mwakani haikuwepo. Ni Jumamosi ile au basi.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa. Nilimwambia mtu.

Nilimwambia mmoja tu, jirani yangu wa chumba cha pili, dada wa Kikongo kutoka Uvira, msusi. Aliniuliza nashona nini usiku na mchana, nikamwambia ni kiti cha mama, kinakwenda na lori Jumamosi. Sasa mtu wa kwetu akisikia lori linakwenda nyumbani, hasikii kitu kingine. Wala hana haja ya kukuuliza kama una nafasi. Yeye analeta mzigo. Na ukiletewa huwezi kukataa, jaribu ukatae uone utakavyosemwa kuanzia Berea, mtaa wa jirani, mpaka Tanga, na kwenu wataambiwa kabla hujakata simu. Mzigo wa mtu ukishaugusa ni amana, na amana ina uzito wake mbali na ule wa kilo.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango nikakuta kilima. Mablanketi manne, yale mazito ya kule, kila moja kwenye mfuko wake wa zipu. Sufuria la presha. Viatu vya shule. Mfuko wa dawa za mgongo za baba wa mtu. Redio. Na dada wa Kikongo kasimama pembeni na furushi lake kubwa kifuani, anatabasamu.

"Ndugu, unibebee hii kidogo ya mama yangu."

"Mama yako yuko Uvira!"

"Si njia ni moja? Kutoka Dar mpaka Kigoma, kisha ziwa tu."

"Ziwa tu! Dada, unalijua ziwa lenyewe lilivyo?"

"Nilizaliwa fasi ile," akasema, akaniwekea furushi mikononi. "Mungu akubariki."

Lahaula! Ningefanya nini? Nikakikunjua kiti cha mama, nikapanga mizigo ya watu juu yake, nikaifunga kwa mipira ya baiskeli iliyochanwa, kufunga kwa fundi, fundo juu ya fundo. Kisha nikakifunga kiti chenyewe nyuma ya baiskeli, kikawa tela. Tukaondoka hivyo, mimi mbele, nyuma yangu mgonjwa wa mablanketi kakaa kwenye ngozi mpya. Watoto wa mtaa walitusindikiza mpaka kona wakiuliza kwa Kiingereza huyo ni bibi yangu au nani.

Mpaka nusu ya njia mambo yalikwenda. Jua linawaka, mimi natukana kimoyomoyo, magurudumu yanaruka kwenye majani lakini yanakwenda. Halafu nikakutana na uzio.

Wiki iliyopita haukuwepo. Wenye nyumba za hapo walikuwa wamechoshwa na wezi, wakapiga seng'enge kutoka ukutani mpaka ukingoni kabisa mwa mfereji, na juu wakaweka miba. Hata kijilango hakuna! Nikatukana kwa sauti sasa. Nikageuza, nikapanda mpaka barabara kuu, na sikufika hata kwenye roboti ya kwanza, yaani taa za barabarani. Teksi ilinipita karibu mno, kioo chake kikagonga redio ya watu. Nikarudi. Saa sita imeshapita, lori linaondoka, mama mdogo anatafuta pumzi Tanga, na mimi nimesimama natazamana na seng'enge.

Kulikuwa na mteremko wa zege wanaoutumia watu wa usafi kushukia ndani ya mfereji. Chini ni sakafu pana, na maji yenyewe siku isiyo na mvua ni mkondo mwembamba tu katikati. Nikawaza: nishuke, nipite chini ya uzio na daraja lililo mbele yake, upande wa pili kuna ngazi, nipande. Nikashuka. Na kusema kweli kule chini palikuwa na njia nzuri kuliko zote nilizopita miaka yote ile, laini, haina bomba wala mbwa. Nilikwenda nusu nafurahi.

Kwangu jua lilikuwa linawaka. Nisichokiona ni kwamba nyuma yangu, mjini, mvua ilikuwa inamwagika, zile mvua zao za mchana zinazokuja kwa hasira bila salamu, na maji yote ya Hillbrow na Berea huja kuangukia pale pale. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi nikasikia mlio kama wa mtu anaburuta mabati. Nikageuka. Maji ya kahawia yanakuja, mbele yamesukuma chupa na makopo.

Ngazi nyembamba, ya bomba la chuma la kushikia. Mfukoni nina mkasi wangu wa kazi. Hebu sikiliza hesabu ilivyokuwa rahisi: ningekata mpira mmoja tu wa mizigo, mizigo ya watu iporomoke huko, nikunje kiti changu, nikitupe begani, nipande. Mtoto mdogo angejua la kufanya. Na mkono wangu, wallahi, ulikataa. Ulikata mpira taratibu, ukachukua mfuko wa dawa kwanza, ukautupa juu kwenye majani. Kisha blanketi. Kisha blanketi la pili. Mdomo unapiga kelele, "Mjinga wewe, kiti! Kiti cha mama!" na mkono unachukua viatu vya shule vya mtoto nisiyemjua. Maji yakafika magotini. Nikarusha sufuria la presha. La mwisho lilikuwa furushi la yule dada, zito kuliko yote, nikalipandisha kifuani ngazi nzima, na nilipoliweka chini nikageuka kufuata kiti, kiti hakipo.

Baiskeli ilikuwa imenasa kwenye bomba. Kiti kilikatika nyuma yake, kikaenda. Nikakiona kinapita kimesimama wima kabisa, kisha kikapinduka.

Nilikimbia ukingoni nikilia. Ndiyo, nililia, mwanamume na ndevu zangu, nikimlaani kila mwenye blanketi, na mwenye uzio, na mama na ukubwa wake, na mama mdogo na posa yake.

Maji yale yana tabia moja nzuri, huisha upesi kama yalivyokuja. Kwenye kona ya mbele, ambapo matawi na magodoro hukwama, nilimkuta mmoja wa wale wanaume wanaozunguka na matoroli wakiokota chupa na maboksi ya kuuza. Alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, kashika ule ufito wake wa chuma wenye ndoano, na kwenye ndoano kuna kiti cha mama. Nilimsaidia kukitoa. Hakuachia. Akaniuliza kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza, kisha tena kwa Kizulu, mpaka nikaelewa. Alikuwa anauliza mtu yuko wapi. Alikiona kiti kinakuja na maji akajua kuna mtu ndani yake, akajitosa.

Nikamwambia hakukuwa na mtu. Ni cha mama yangu, yuko mbali. Akakaa kwenye majani, akasema "Eish." Kisha akaniuliza mizigo mingine iko wapi, akageuza toroli lake, tukaenda kuikusanya. Ni yeye aliyeisukuma mpaka Bruma. Mimi nilibeba kiti, maana gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, na sponji yangu nzito niliyojivunia ilikuwa imekunywa mfereji mzima na inanitiririkia mgongoni.

Lori bado lipo, injini inanguruma. Dereva akanitazama kuanzia kiatu mpaka kichwa.

"Kaka, umechelewa, na nimeshajaza. Hiyo mifuko nitaisokomeza. Kiti hakipandi."

"Hakipandi vipi?"

"Hakikunjiki, kimepinda. Na kinanuka. Kiache, utakileta safari ijayo."

Safari ijayo! Kitu kikanipanda kichwani. Nikakusanya mizigo yote miguuni pangu, nikaikalia, nikamwambia kama kiti cha mama hakipandi, basi hakipandi hata kiatu. Aende zake mtupu akawaeleze wenyewe.

"Wewe una wazimu," akasema. Simu yake ikaita. Akaitazama, akaacha iite. Ikaita tena. "Unajua simu hii haijanyamaza tangu alfajiri? Kila mtu, mzigo wangu umefika, mzigo wangu umefika. Kuna mama mmoja Mkongo kanipigia mara ngapi sijui, ananifundisha njia ya Kigoma!"

"Mpokee," nikamwambia. "Mwambie fundi amekalia furushi lake."

Hakumpokea. Alisimama akinitazama, simu inalia mkononi, kisha akatukana, akapanda nyuma ya kichwa cha lori, akanyoosha mkono chini. "Lete hicho kiti. Na spana."

Tulikivua magurudumu, tukakifunga nje, nyuma ya kibanda chake, kwa kamba yake na mafundo yangu. Mwenye toroli alitusaidia kuvuta. Lori likaondoka na mimi nikarudi Bertrams kwa miguu kuifuata baiskeli yangu kwenye bomba. Dada wa Kikongo alikuwa mlangoni akiningoja. Akaniuliza kama furushi lake halikulowa.

Dada yangu alipiga simu kiti kilipofika. Fundi wa baiskeli wa mtaani kakinyoosha, wamekianika siku kadhaa, kizuri. Nikamshukuru Mungu, nikangoja. Wiki nzima kimya. Nikapiga mwenyewe.

"Mama, umeshakwenda?"

"Wapi?"

"Kwa mdogo wako!"

"Tangu lini mkubwa akamfuata mdogo?"

"Mama! Na kiti?"

"Nimempelekea."

 Nilimwaga yote, uzio, teksi, maji, mablanketi ya watu, mwanaume wa watu aliyetaka kufa kwa ajili ya kiti kitupu. "Na wewe unakigawa! Kiti nilichokushonea wewe!" Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi, "Mimi naweza kukaa ndani. Yeye nani atamtoa? Analetwa kila asubuhi, anakunywa chai hapa, anarudishwa jua likipungua. Yuko hapa. Sema naye, na ushushe hiyo sauti."

Na kweli alikuwepo, nikamsikia anamwambia mama amenipigisha kelele bure, mtoto wa watu. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Nilipomuuliza dada, alisema siku ya kwanza mama mdogo alisukumwa mpaka barazani, mama akasema, "Chai imepoa," na ndiyo yakaisha.

Walipata asubuhi za miezi mitatu hivi. Kisha dada akanipigia mchana, nami niko na misumari mdomoni, na nilivyomsikia anavyovuta pumzi nikajua.

Kiti kilirudishwa kwa mama siku hiyo hiyo. Dada alidhani hatataka hata kukiona. Mama akasema akalishwe kitini. Alivaa vizuri, akajifunika, akasukumwa mitaa ile miwili katikati ya watu, mara yake ya kwanza kukaa kwenye ule mshono wangu. Nyumba ya msiba haina hodi, kila mtu anajua, watu wanaingia na kutoka. Yeye alipofika mlangoni akawazuia wanaomsukuma, akapiga hodi. Wanawake ndani wakanyamaza. Akapiga tena. Dada anasema walitaka kumwingiza tu, akashika mlango kwa mkono wake mzima, hakukubali kuingia mpaka aitikiwe na mwenye nyumba.

"Nani alimwitikia?" nikauliza.

"Hakuna," akasema. "Tulikaa naye pale pale nje."